Njaa Katikati ya Shibe: Kinachotokea Ndani ya Jicho la Mgonjwa wa Kisukari

Mjomba wangu aliuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, kwa miaka mingi, na miaka saba ya mwisho ya biashara yake aliinywa chai bila sukari kwa sababu alikuwa ameshaambiwa kwamba ana kisukari. Asubuhi moja aliamka akaona nyuzi nyeusi zikielea mbele ya jicho lake la kushoto, mfano wa moshi unaopanda polepole, na kabla ya juma kwisha jicho hilo lilikuwa halitofautishi uso wa mtu na ukuta. Daktari aliyempima alimweleza kwamba sehemu ya nyuma ya jicho lake ilikuwa imekaa na njaa kwa muda mrefu. Neno hilo lilimsumbua kuliko ugonjwa wenyewe. "Mjomba," aliniambia, maana ndivyo tunavyoitana, "damu yangu imejaa sukari kila inapopimwa. Njaa hiyo inatoka wapi?"

Swali lake ni la wengi. Katika mazungumzo ya sokoni, kwenye daladala na hata kwenye mabenchi ya kliniki hapa Mwanza, maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba sukari "hupasua mishipa ya macho". Maelezo hayo si uongo, lakini yanaianza hadithi mwishoni. Mshipa unapopasuka, jambo kubwa limeshatokea miaka mingi nyuma, nalo ni badiliko katika namna jicho linavyokula, linavyopumua na linavyotumia nguvu. Asiyelielewa badiliko hilo hawezi kuelewa kwa nini mtu huambiwa aende kupimwa macho wakati bado anaona vizuri, wala kwa nini matibabu mengine yanafanana na kuliumiza jicho.

Tuanze na maneno matatu. Retina ni utando mwembamba, usiozidi nusu milimita kwa unene, uliotandazwa kwenye ukuta wa ndani, nyuma ya jicho. Sehemu za mbele za jicho huupindisha mwanga ili ukusanyike mahali pamoja, na retina ndiyo inayoupokea na kuugeuza kuwa ishara za umeme zinazokwenda kwenye ubongo. Umetaboli ni jumla ya kazi zote ambazo chembe hai za mwili, yaani seli, hufanya ili kugeuza chakula kuwa nguvu na vifaa vya kujijengea. Ukitazama jiko la kuni umeshauona umetaboli kwa sura yake ya nje: kuna kuni, kuna hewa, kuna moto, na kuna moshi na majivu yanayobaki. Katika seli, kuni ni sukari na mafuta, na hewa ni oksijeni. Neno la tatu ni ugonjwa wa mishipa ya retina, ambalo ni jina la jumla kwa magonjwa yanayoiharibu mishipa midogo inayoilisha retina. Kisukari ndicho chanzo chake kinachojulikana zaidi, ingawa si cha pekee.

Retina ni mlaji mkubwa kupita kiasi. Ukilinganisha uzito kwa uzito, ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazotumia oksijeni nyingi kuliko zote, na jambo la kushangaza ni kwamba hula zaidi gizani kuliko kwenye mwanga. Seli zinazopokea mwanga zina vijilango ambavyo hubaki wazi kukiwa giza, na chumvi huingia kupitia humo mfululizo, kwa hiyo seli hulazimika kusukuma chumvi hiyo nje bila kupumzika. Mwanga unapoingia vijilango hufungwa na kazi hiyo hupungua. Wavuvi wa dagaa, ambao hutoka ziwani siku za giza na kukaa nchi kavu mbalamwezi inapokuwa kubwa, huwa hawajui kwamba saa zile ambazo wameketi mtumbwini wakiitazama taa iliyo mbali ndizo saa ambazo retina zao zinafanya kazi nzito kuliko zote. Niseme wazi kwamba kazi hiyo haiwadhuru, kwa sababu jicho lenye afya limeumbwa kuimudu. Tatizo huja pale njia za kupitishia chakula zinapokuwa zimeharibika.

Namna retina inavyokula nayo ina upekee wake. Katika miaka ya 1920, mwanasayansi wa Ujerumani Otto Warburg, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1931, aligundua kwamba retina huivunja sukari kwa njia ya haraka na kuishia kutengeneza laktati, yaani kile kinachobaki sukari inapovunjwa nusu tu, hata oksijeni inapokuwapo tele. Kwa kawaida seli nyingi hufanya hivyo oksijeni inapopungua tu, kama misuli ya mtu anayepandisha mlima kwa kukimbia. Kwa juu juu huu unaonekana kuwa uharibifu, sawa na mtu anayechoma kuni nusu na kuacha vijinga. Lakini vijinga hivyo havitupwi. Seli jirani huichukua laktati na kuitumia kama chakula chao, na zile zinazopokea mwanga hubakiwa na vifaa vya kujijengea upya, kazi ambayo huifanya kila siku. Baadaye ilibainika pia kwamba seli hizo hutumia mafuta kama nishati. Utafiti wa mwaka 2016 uliofanywa kwa panya ulionesha kwamba seli zikikosa nishati kwa kushindwa kuingiza mafuta na sukari, huagiza mishipa mipya ya damu iote kuzielekea. Kwa maneno mengine, mishipa hufuata njaa ya seli.

Sasa tunaweza kulirudia swali la mjomba, na mfano ninaouona unafaa kuliko yote uko hapa hapa mjini. Mkazi wa nyumba iliyojengwa juu ya mawe, katika mojawapo ya milima yetu, anaweza kufungua dirisha asubuhi akaliona Ziwa Viktoria, ziwa kubwa kuliko yote Afrika, kisha akafungua bomba lisitoe tone. Maji hayajaisha ziwani. Kilichokosekana ni bomba lisilo na kasoro na msukumo wa kuyapandisha. Damu ya mgonjwa wa kisukari ni ziwa hilo, na seli za retina ni nyumba za mlimani.

Lakini mabomba hayo yaliharibikaje? Seli za misuli huhitaji homoni ya insulini ili kuingiza sukari kwa wingi, na insulini ikikosekana au isipofanya kazi, sukari nyingi hubaki nje. Retina na kuta za mishipa yake midogo hazina bawabu huyo. Milango yao ya sukari haingoji insulini, na sukari inapopanda katika damu hupanda pia ndani ya seli hizo. Kwa hiyo katika hatua za mwanzo kinachoziharibu kuta za mishipa ni wingi wa sukari, na huu ndio mwanzo wa utata ambao watu wengi hawaupati: shibe ya kupita kiasi katika mshipa ndiyo inayozaa njaa kwa seli zinazoutegemea mshipa huo.

Sukari iliyozidi ndani ya seli haikai kimya. Sehemu yake hugeuzwa kuwa kitu kingine kiitwacho sorbitoli, na mageuzi hayo hula akiba ambayo seli ingeitumia kujikinga na mabaki makali ya oksijeni. Vinu vya nguvu vya seli, yaani mitokondria, vikilishwa kuni nyingi mno hutoa mabaki hayo kwa wingi, kama jiko lililosongwa kuni hadi likafuka moshi. Sehemu nyingine ya sukari hujibandika kwenye protini na kuzifanya ngumu. Mama anayekaanga maandazi hulijua badiliko hili kwa macho, kwa kuwa ile rangi ya kahawia inayotokea kwenye andazi hutokana na sukari na protini kuungana kwenye joto. Mwilini huungana polepole zaidi, bila moto, kwa miezi na miaka. Na kipimo cha sukari cha miezi mitatu, kile kinachoitwa HbA1c, hupima jambo hilo hilo: kiasi cha sukari kilichojibandika kwenye protini ya chembe nyekundu za damu, ambazo huishi takriban siku 120. Ndiyo maana mtu akijinyima kwa siku mbili kabla ya kliniki anaweza kuonekana mzuri kwenye kipimo cha kidole, lakini si kwenye kipimo hiki.

Mishipa midogo ya retina huzungukwa na seli zinazoikumbatia kwa nje, zinazoitwa perisaiti, ambazo huipa uimara na kuongoza kiasi cha damu kinachopita. Hizi ni miongoni mwa za kwanza kufa. Mshipa ulioachwa bila mkumbatio hutunisha vivimbe vidogo, na vivimbe hivyo huvuja maji, mafuta na damu. Chembe nyeupe za damu nazo hunata kwenye kuta na kuziba njia. Taratibu baadhi ya mishipa huziba kabisa, na eneo la retina lililokuwa likilishwa nayo hubaki bila hewa. Majimaji yakivujia katikati ya retina, mahali ambapo ndipo tunaposomea maandishi na kutambua sura, kuona huanza kuwa na ukungu. Yakivujia pembeni, mgonjwa haoni tofauti yoyote. Retina haina neva za maumivu, kwa hiyo yote haya hupita bila jicho kuuma hata siku moja.

Seli zenye njaa hazifi kimya kimya. Mwaka 1948 daktari wa macho Isaac Michaelson alipendekeza kwamba lazima kuwe na kitu fulani, ambacho hakukijua, kinachotolewa na retina iliyokosa hewa na kuifanya mishipa iote. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara, akifanya kazi Marekani, aliitenga protini ambayo leo hujulikana kwa herufi VEGF, na mwaka 1994 watafiti waliyapima maji ya ndani ya macho ya wagonjwa na kuikuta nyingi kwa wale waliokuwa wameota mishipa mipya, na kwa waliokuwa wametibiwa kwa leza, yaani mwali mkali wa mwanga unaochoma, wakaikuta imeshuka. Kitu cha Michaelson kilikuwa kimepata jina.

Kuota mishipa mipya ni jibu la busara kwa nia yake, na la hatari kwa matokeo yake. Nyumba za mlimani zilizokosa maji hujivutia mipira yao wenyewe, iliyoungwa kwa vipande vya plastiki, ikapita juu ya paa la jirani na katikati ya njia, na kila kiungo kinavuja. Mishipa inayoagizwa kwa VEGF ndivyo ilivyo. Huota mahali pasipostahili, juu ya uso wa retina na kuelekea kwenye ute unaolijaza jicho, na kuta zake ni dhaifu. Siku moja hupasuka, damu ikamwagika ndani ya ute, na mtu akaona zile nyuzi za moshi alizoziona mjomba. Baadaye makovu yanayofuatana na mishipa hiyo yanaweza kusinyaa na kuivuta retina hadi ibanduke ukutani.

Ukishaliona jambo kwa mtazamo wa njaa, matibabu nayo hueleweka. Wengi huogopa leza kwa kusikia kwamba "huunguza jicho", na ni kweli kwamba huunguza, kwa makusudi. Daktari huchoma vidoti vingi kwenye sehemu za pembeni za retina, na kila kidoti hufuta baadhi ya seli zinazokula sana, ili oksijeni kidogo iliyopo iwatoshe waliobaki na kilio cha VEGF kipungue. Ni sawa na familia inayopunguza matumizi ya vyumba vya nje ili taa ya sebuleni isizimike. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kutoa matokeo yake mwaka 1976 ulionesha kwamba leza hupunguza kwa nusu au zaidi hatari ya upotevu mkubwa wa kuona kwa wagonjwa walioota mishipa mipya. Gharama yake ipo: kuona pembeni na kuona gizani kunaweza kupungua, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa hivyo kabla. Sindano za ndani ya jicho, ambazo jina lake tu humfanya mtu akunje uso, hufanya kazi kwa njia nyingine. Dawa iliyomo huikamata VEGF kabla haijafika kwenye mishipa. Jicho hutiwa ganzi kwanza, na sindano yenyewe ni nyembamba na ya muda mfupi. Lakini dawa hiyo hunyamazisha kilio bila kuleta chakula, na ndiyo maana mara nyingi hurudiwa tena na tena, na ndiyo maana anayeacha katikati kwa kuwa "nimeshapona" hujiweka katika hatari kubwa.

Kuna wazo lililozaliwa na ile habari ya giza: kama retina hula zaidi gizani, je, mgonjwa akilala na mwanga haitapunguza njaa? Uingereza walilipima kwa kuwapa wagonjwa barakoa za kulalia zinazotoa mwanga hafifu, na matokeo yaliyotoka mwaka 2018 hayakuonesha faida. Nalitaja kwa sababu mawazo mengi yanayopendeza kwa nadharia huuzwa leo kwa simu kama tiba, na hili, lililokuwa na msingi mzuri kuliko mengi yao, lilishindwa lilipopimwa.

Imani inayonihuzunisha zaidi ni ile isemayo kwamba insulini hupofusha. Nimeisikia kwa watu wenye elimu. Asili yake inaeleweka: mtu hukaa na sukari ya juu kwa miaka mingi, huanzishiwa insulini amechelewa, na uharibifu uliokuwa ukijengeka kimya hujitokeza muda mfupi baada ya sindano za kwanza. Pia ni kweli kwamba sukari ikishushwa kwa kasi kubwa kwa mtu ambaye retina yake tayari imeathirika, hali inaweza kuzorota kwa miezi kadhaa kabla ya kutengemaa, jambo linalomfanya daktari mwangalifu atake macho yatazamwe kabla na baada. Hata hivyo, mizani ya jumla haina shaka. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 1993, uliofuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho mwili hautengenezi insulini, ulionesha kwamba udhibiti makini wa sukari ulipunguza hatari ya ugonjwa wa retina kuanza kwa asilimia 76, na kwa waliokuwa nao tayari ulipunguza kuendelea kwake kwa asilimia 54. Anayeiacha insulini ili ayaokoe macho anayapoteza.

Utafiti huo ulikuwa na mwendelezo ambao nadhani haujulikani vya kutosha. Baada ya mwaka 1993 makundi yote mawili ya utafiti, la udhibiti makini na la udhibiti wa kawaida, yalishauriwa kujidhibiti vizuri, na viwango vyao vya sukari vikakaribiana, lakini waliokuwa wamejidhibiti tangu mwanzo waliendelea kuwa na macho bora kwa miaka mingi. Wataalamu huita hali hii kumbukumbu ya umetaboli. Mishipa hukumbuka miaka ya mema na miaka ya uzembe. Mjomba aliacha sukari kwenye chai, lakini ugali, wali na viazi navyo huwa sukari vikifika tumboni, na dawa zake alizinywa alipojisikia vibaya tu. Presha yake ya damu haikuwahi kudhibitiwa pia, wakati msukumo mkubwa wa damu kwenye mishipa iliyokwisha kudhoofika huongeza uvujaji.

Miwani haitibu retina. Mbaya zaidi, sukari inapopanda na kushuka, lenzi ya jicho huvimba na kurudi, kwa hiyo miwani iliyopimwa wakati sukari iko juu inaweza isifae baada ya wiki chache. Mtoto wa jicho nao ni kitu kingine: ni lenzi iliyokuwa na ukungu, na upasuaji huirekebisha, lakini aliye na kisukari anaweza kuwa na vyote viwili, akashangaa kwamba ametolewa mtoto wa jicho na bado haoni sawasawa.

Njaa ya retina pia haimhusu mwenye kisukari peke yake. Katika Kanda ya Ziwa, ambako siko seli ni ugonjwa wa familia nyingi, chembe za damu zenye umbo la mundu huweza kuziba mishipa ya pembezoni mwa retina, na kilio kile kile cha VEGF kikasikika kwa kijana ambaye sukari yake ni ya kawaida kabisa. Watoto njiti nao huzaliwa kabla mishipa ya retina haijamaliza kukua, na oksijeni nyingi isiyopimwa vizuri inaweza kuisimamisha isikue, kisha retina ikakomaa na kuanza kudai hewa ambayo hakuna mshipa wa kuileta.

Mwenye kisukari cha aina ya pili, kile ambacho mwili hushindwa kuitumia insulini vizuri, anapaswa kuchunguzwa retina mara tu anapogundulika, kwa kuwa huenda ameishi na ugonjwa kwa miaka bila kujua, na baada ya hapo kila mwaka. Wa aina ya kwanza huanza ndani ya miaka mitano tangu kugundulika. Mwanamke aliyekuwa na kisukari kabla ya kushika mimba huchunguzwa mapema zaidi na mara nyingi zaidi, kwa sababu mimba inaweza kuuharakisha ugonjwa huu. Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Mboni hupanuliwa kwa matone ya dawa ili daktari aione retina yenyewe, au ipigwe picha. Bugando, hospitali yetu ya rufaa iliyo juu ya kilima, ina idara ya macho, na aliye Ukerewe au Sengerema aanze kwa kuuliza katika hospitali ya wilaya yake ni wapi pa karibu panapofanyika uchunguzi huo.

Baada ya matone, kuona kwa karibu huwa na ukungu kwa saa kadhaa na mwanga huumiza. Usiende ukiwa unaendesha pikipiki. Mjomba, ambaye jicho lake la kulia lilichomwa leza na bado linamwezesha kuhesabu fedha zake mwenyewe, huenda kila mwaka na mjukuu wa kumshika mkono na kofia pana, kwa kuwa mng'ao wa ziwa saa sita mchana, kwa mboni iliyopanuliwa, hauvumiliki.